Saa ya Kufika

Ninyi mnaoanza kazi ya dirishani, makarani wa mapokezi wa hospitali na zahanati, haya nawaandikia ninyi, na mnivumilie, maana nimevuka miaka themanini na mzee akianza kusimulia hafiki upesi. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na kitu. Nilianza nikiwa kijana wa ndevu mbili tatu, miaka ya hamsini, katika hospitali ndogo ya kulipia upande wa Ukunda. Jina lake sitalitaja. Ilifungwa zamani, jengo likawa ghala la saruji, na mwenyewe ameshafariki. Sina haja ya kumsema maiti wakati mwenye kosa bado yu hai na ndiye anayeshika kalamu hii.

Mjukuu wangu mmoja ameajiriwa juzi kazi kama hiyo. Alikuja kunionyesha sare yake, akageuka mbele ya kioo mara tatu, kisha akaniuliza, "Babu, siri ya kazi ni nini?" Nikampa mawili matatu ya kumchekesha, akacheka, akaenda zake. Lile la kweli sikumpa. Nilimtazama akitoka mlangoni na furaha yake, nikashindwa. Kwa hiyo naliandika, alisome akiwa peke yake.

Nianze na mepesi. Mtu akija dirishani, usimtazame nguo. Mimi nilitazama nguo mwaka mzima nikaumbuka. Siku moja alikuja bwana amevaa kanzu ya hariri na koti juu, viatu vinang'aa, nikampa kiti, nikampa na gazeti. Kumbe koti la shemeji, viatu vya jirani, na kanzu hata leo sijui ilikuwa ya nani. Wiki ile ile akaja mzee wa shuka iliyochanika, ana matope mpaka magotini, nikamwacha asimame nusu saa. Mzee yule alikuwa na minazi kutoka barabarani mpaka ufukweni. Alinilipa hela zote taratibu, moja moja, akinitazama usoni, kisha akaniuliza kwa upole mwalimu wangu alikuwa nani.

La pili, jifunzeni kidogo kazi za wenzenu. Mimi nilifundishwa na dresa wetu, Hamisi, mtu mfupi mwenye maneno makali aliyezoea kufunga vidonda vya askari wakati wa vita. Dresa, kwa msiojua, ndiye aliyekuwa akisafisha vidonda, kudunga sindano na kumsaidia daktari. Hamisi aliniambia kwamba karani asiyejua mgonjwa mahututi ni yupi ni sawa na bawabu kipofu. Akanionyesha jinsi ya kupindua ukope wa chini: ukiuona mweupe, damu imepotea. Akanionyesha kubonyeza ukucha na kungoja wekundu urudi. Na mtu aliyeanguka, akalalamika baridi wakati jua liko utosini, huyo usimwulize hata jina la babake, bali mkimbize ndani. Nilijifunza yote hayo vizuri sana. Nataka mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, msije mkadhani sikujua.

Sasa sheria yetu. Mwenye hospitali alikaa Mombasa, akija mara moja kwa wiki. Alituwekea sheria kwamba mgonjwa hapiti mlango wa ndani bila risiti, awe wa kikohozi, awe wa kukatwa panga. Amana ilikuwa shilingi thelathini kwa wa kulazwa, na wakati ule shilingi thelathini zilikuwa mshahara wa mwezi kwa watu wengi. Hospitali ya serikali ilikuwako Msambweni, lakini toka kwetu ilikuwa mwendo, na gari hazikuwa za kuokota.

Daktari wetu alikuwa mwajiriwa kama mimi. Alikaa chumbani mwake nyuma ya mlango ule, na aliyemwona ni yule tu niliyempitisha mimi. Alijua kufanya upasuaji, na chumba cha kupasulia kilikuwako. Asichokijua ni nani amekaa barazani.

Na ilikuwako desturi nyingine ya kazi, ambayo haikuandikwa popote. Nilikuwa na daftari kubwa la wagonjwa lenye safu ya jina, safu ya kijiji, safu ya mlipaji, na safu ya saa ya kufika. Karani aliyenitangulia alinifundisha nisiandike chochote mpaka mtu alipe, kwa sababu wengine wangekosa hela wakaondoka, na mstari ungebaki nusu, na mwenye hospitali hakupenda mistari iliyokatwa. Kwa hiyo nilikuwa najaza mstari wote kwa mkupuo mmoja, nikishika risiti. Saa ya kufika ikawa ndiyo saa ya kulipa. Nilikuwa na hati nzuri, mwenye hospitali alikuwa akinisifu kwa wageni wake, na nilijivunia daftari lile lisilo na hata doa.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa asubuhi ya jua kali. Hamisi alikuwa ametumwa Likoni kuchukua dawa. Barazani hapakuwa na mtu. Kwenye saa nne hivi lori la boriti lililotoka upande wa Gazi likiendea kivukoni lilisimama mbele yetu, utingo akashuka, wakasaidiana na mzee mmoja kumteremsha kijana aliyelazwa juu ya jamvi. Wakamlaza barazani, lori likaenda zake. Dereva simjui na sikumwona tena.

Kijana aliitwa Salimu. Alikuwa mkwezi, yaani aliyepanda minazi ya watu kuangua nazi, na asubuhi ile alikuwa ameteleza akaanguka kutoka juu. Hakuwa na kidonda cha kuonekana. Tumbo lilikuwa limekaza. Mzee alikuwa babake, Mzee Rashidi, mtu mtaratibu sana. Alinisalimu kwanza, akauliza hali yangu na ya nyumbani, ndipo akasema mtoto ameanguka.

Nikamwambia habari ya amana. Hakushtuka. Akagusa kiuno, pale palipokuwa na mkwiji, ule mkanda wa kitambaa wa kufungia fedha, nikasikia shilingi zikilia ndani. Alikuwa nazo. Nasema tena, hela alikuwa nazo, na zilitosha.

Lakini hakufungua. Akasema, "Mwenyewe ni mjomba wake, yuko Gazi. Nimetuma mtu wa baiskeli kabla hatujapata lori. Twamngoja."

Hapa inanibidi niwaeleze vijana msio wa kwetu. Kwetu Wadigo, hasa zamani hizo, mtoto alikuwa na baba, lakini mwenyewe alikuwa mjomba. Mjomba ndiye aliyemrithisha, ndiye aliyemlipia akikosea mtu, ndiye aliyeulizwa akitaka kuoa. Masheikh walifundisha kwamba dini inampa baba haki hiyo, na akina baba wengi wakaanza kutaka kuwarithisha wana wao wenyewe. Miaka ile ugomvi huo haukukosekana kijiji chochote. Nyumbani kwa Mzee Rashidi pia ulikuwako. Mwaka uliotangulia alikuwa ametaja kumpa Salimu shamba, na mjomba mtu, Bakari, akakaa miezi bila kukanyaga kwake. Mke wa Mzee Rashidi, Mama Salimu, alikuwa katikati, huku mumewe, huku kakake wa tumbo moja. Walikuwa wamepatana juzijuzi tu, kwa kuombana radhi mbele ya watu wazima.

Mimi habari hizo nilizijua, maana nilikuwa mtu wa pale pale. Nikaelewa mara moja. Baba akilipa na mjomba ameshaitwa, ni kama kumwambia mjomba kwamba hana mtoto hapa. Nikamwona Mzee Rashidi ni mtu wa heshima, na mimi nikajiona karani mwenye heshima, mwenye kujua mila za watu. Karani wa bara angemwambia, "Lipa au ondoka." Mimi nikamwambia, "Hakuna neno baba, kaa, tutamngoja." Nikampa kiti, nikamletea maji. Nilijipongeza, Mungu anisamehe.

Daftari likabaki wazi mbele yangu, mstari mweupe. Safu ya mlipaji ilitaka jina moja, na jina lenyewe lilikuwa juu ya baiskeli.

Salimu alikuwa akizungumza mwanzoni. Aliniuliza kama namfahamu fulani wa timu ya mpira ya Gazi, tukacheka kidogo. Kwenye saa tano akanyamaza. Kisha akaniita. Nikatoka nje ya dirisha, nikainama.

"Kaka," akasema, "mimi nasikia baridi."

Jua lilikuwa limeshafika ukingo wa baraza. Nilikuwa nimelowa jasho shingoni. Nikachukua koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango, nikamfunika. Kisha nikapindua ukope wake, kama nilivyofundishwa, nikauona mweupe. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba, nikangoja. Mzee Rashidi alikuwa akinitazama. Akaniuliza kama mtoto ni mzima. Nikamwambia mjomba hatakawia.

Mnaniuliza kwa nini sikupiga hodi kwenye ule mlango. Ulikuwa hatua sita kutoka kwangu, nimezipima baadaye. Ningeweza kuandika jina la baba, kisha mjomba akija nimwandikie risiti nyingine, na hakuna ambaye angevunjiwa heshima. Ningeweza kumwita daktari bila risiti nikakaripiwa Jumamosi mwenye hospitali akija. Yote hayo niliyafikiria, lakini siku ya pili. Siku ile nilifikiri kwamba kila kitu kiko sawa kwa sababu hakuna anayegombana. Sheria ilikuwa imetulia, mila imetulia, baba ametulia, na mimi nikatulia pamoja nao. Mtu akipiga kelele dirishani utahangaika, utamtafutia njia. Lakini watu wapole kama wale hawakusumbui. Nilikuwa nimeshazoea kusukumwa ndipo nifanye.

Bakari alifika saa sita na dakika arobaini, jasho linamtiririka, fedha zimefungwa kwenye leso. Akaziweka dirishani hata kabla ya salamu. Kisha akamwona mpwa wake chini pale kwenye jamvi.

"Mbona yuko nje?" akauliza.

Mzee Rashidi akasema, "Twakungoja wewe, shemeji."

Bakari akamtazama, akanitazama na mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi niliitwa nije nilipe. Sikuitwa nije nimfungulie mlango."

Nikahesabu zile fedha. Nikaandika mstari: Salimu Rashidi, kijiji chake, mlipaji Bakari, saa ya kufika sita na dakika arobaini. Nikakata risiti. Nikafungua mlango. Tukamwinua na jamvi lake, tukamwingiza.

Daktari aliruka kitini alipomwona. Alimpindua ukope, akashika mshipa wa mkono, akapiga kelele kiletwe hiki na kile. Alimdunga sindano. Salimu alifariki pale pale mezani, hata kisu hakijachukuliwa. Haikuzidi robo saa.

Daktari alitoka barazani na daftari langu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani aliumia. Akawaambia wale wazee wawili kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani, na kwamba kama wangemleta mapema angemfungua tumbo na huenda angepona. "Mmeingia saa sita na dakika arobaini," akasema, akiweka kidole juu ya hati yangu nzuri. "Mmechelewa sana. Mlikuwa wapi tangu asubuhi?"

Mzee Rashidi hakujua kusoma. Lakini saa alizisikia. Alinigeukia. Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi kwamba ningeweza kumgusa bega. Nikatazama kalamu.

Na Bakari alikuwa amesimama pale pale. Kama Mzee Rashidi angesema, "Tuko hapa tangu saa nne, tulikuwa tukimngoja huyu," angekuwa ameitupa maiti ya Salimu juu ya mjomba wake, mbele ya watu, saa ile ile. Hakuweza. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli, daktari," akasema. "Tumechelewa."

Daktari akaandika cheti cha kifo, na saa ya kufika akainakili kutoka kwenye daftari. Kikapigwa muhuri. Bakari ndiye aliyekichukua, kwa kuwa ndiye mlipaji.

Nilikwenda mazikoni, na siku ya tatu nikaenda hitimani. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani. Wanaume walikuwa wamekaa uani, Bakari na watu wake upande huu, Mzee Rashidi upande ule. Nikasoma pamoja na watu, nikala kidogo, nikaaga. Nilipofika njia ya nyuma ya nyumba, Mama Salimu alikuwa amesimama akinisubiri, amejifunika, macho tu yanaonekana, mekundu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa dirishani?"

Nikasema ndiye.

Akaniambia bila kulia. Mumewe amemweleza usiku uliopita kwamba yeye na Salimu walifika saa nne, wakakaa wakimngoja mjomba mpaka saa sita. Lakini kakake anacho cheti, na cheti kinasema saa sita na dakika arobaini, na mbele ya daktari mume mwenyewe alikiri kwamba walichelewa. Kakake anasema aliwakuta wamemtangulia kidogo tu, kwamba Rashidi alizurura na mtoto, pengine kwa waganga, na sasa anataka kuwasingizia watu wa Gazi. Mmoja kati ya hao wawili anamdanganya, akasema, na yeye hawezi kulala chini ya paa moja na mtu aliyemwua mwanawe kisha akamtupia ndugu yake lawama.

"Mimi sijui kusoma," akasema, "lakini wewe ulikuwapo. Nakuomba kwa haki ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Walifika saa ngapi?"

Nilikuwa na kazi. Nilikuwa na mama yangu wa kumlisha, na mchumba kule Tiwi. Nilijua nikisema saa nne, swali linalofuata litakuwa: na wewe karani ulikuwa ukifanya nini? Swali hilo lingefika kwa daktari, kwa mwenye hospitali, na labda kwa polisi. Yote hayo yalinipitia kichwani kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na mama yule alikuwa akilingoja.

"Saa sita na dakika arobaini, mama," nikasema. "Ndivyo ilivyo kwenye daftari."

Akatikisa kichwa polepole. Akaniambia ahsante. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua nipate watoto wema.

Siku arobaini hazikutimia ila ameshafungasha vitu vyake amerudi Gazi kwa kakake. Talaka ilifuata. Shamba lile la ugomvi halikuwa tena na wa kurithi, likaota magugu. Mama Salimu alikufa miaka michache baadaye, na alikufa akijua kwamba mumewe alikuwa mwongo. Bakari naye, nilisikia, licha ya maneno yake alijilaumu daima kwa sababu alichelewa kutafuta zile fedha, mpaka akachukia hata kuiona baiskeli. Kila mmoja alibeba sehemu, na sehemu yangu wakaibeba wao.

Mimi nilipanda cheo. Baadaye nikahamia hospitali nyingine, nikawa mkuu wa makarani, nikawafundisha vijana wengi. Wanaonikumbuka watawaambia nilikuwa mkali kwa jambo moja: mtu akikanyaga baraza, kabla ya jina, kabla ya salamu, andika saa. Waliodhani nina kichaa cha saa walinicheka, nikawaacha wacheke. Na mgonjwa akiwa na hali mbaya nilikuwa nampitisha kwanza, nikamtafuta mlipaji baadaye, na mara mbili nilikatwa mshahara kwa ajili hiyo. Msinisifu. Ni rahisi mtu kuwa shujaa wa kukatwa mshahara akiwa ameshapata nyumba.

Siku hizi mna simu za kutumiana fedha, mna sheria zinazosema mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza. Mjukuu wangu ameniambia hivyo kwa fahari. Nami nikamwuliza, atakayemwita daktari ni nani? Akasema ni yeye. Basi, sheria ni yeye.

Mzee Rashidi aliishi muda mrefu. Miaka yote kabla sijahama alikuwa akipita barabarani pale na kikapu chake kwenda sokoni, peke yake, na kila akipita alisimama mbele ya dirisha langu. Hakunikwepa hata siku moja. Alinisalimu kwa ukamilifu, akauliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto mmoja mmoja kwa majina. Nilimjibu yote. Kisha alikuwa akisimama kidogo, kimya, mkono juu ya ubao wa dirisha, ananitazama bila hasira, halafu anaaga anaondoka. Miaka mingi nilidhani ni adabu zake tu. Nilipoambiwa amezikwa ndipo nilipotambua kwamba kila siku ile alikuwa akinipa nafasi niseme.